Ulbosyn Aliyezika Viazi vya Watu

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na mamlaka zote za juu, za kati na za kwenye ngazi, tunapenda kuutangazia umma kwamba mji wa Petropavl, uliojiendesha zaidi ya karne mbili bila msaada wetu, sasa umepata bahati ya kumpokea Ulbosyn binti Tolepbergen, dereva wa trekta, kutoka wilaya ya pamba ya Maktaaral, kusini kabisa mwa Kazakistani. Umma unaombwa uwe mtulivu.

Umma ulitulia mno. Ulitulia miezi mitano mfululizo, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Tuanze na jina lake. Ulbosyn maana yake ni "na awe mvulana". Ndilo jina wanalopewa mabinti wa kusini wazazi wanapoona mabinti wametosha na Mungu anahitaji kukumbushwa. Yeye alikuwa binti wa tano. Aliyemfuata akawa mvulana kweli, na kijiji kizima kikalisifu jina. Mwenye jina hakusifiwa na mtu. Tangu hapo, kila mama yake alipomwita kutoka ng'ambo ya shamba, watu waliokuwa wakivuna pamba walisikia dua ya kumwombea mtu mwingine. Alikua hivyo, mkimya, mabega mapana, na kabla hajatimiza miaka ishirini alikuwa akiendesha trekta la pamba vizuri kuliko wanaume walioombewa.

Mwaka ule vijana wa kusini, ambako watu ni wengi, walikuwa wakihimizwa wahamie kaskazini, ambako watu ni wachache na theluji ni nyingi. Tulikwenda kundi zima. Wengine tulikwenda kusoma, na wengine tulikwenda kuacha masomo mbali na macho ya wazazi. Ulbosyn alikwenda kufanya kazi. Wazazi wetu walilia kituoni, wakatupa nyama ya kukaushwa, wakalia tena. Mzee Tolepbergen hakulia. Alitoa sharti.

"Sikiliza, mwanangu," alisema, mkono mmoja ukiwa juu ya dirisha la treni kana kwamba angeweza kuizuia. "Ukifika huko, wenyeji watakupa erulik."

Kwetu mtu akihamia mahali, wenyeji humwita mezani wakamlisha, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka aache kuwa mgeni. Hiyo ndiyo erulik. Haiombwi, wala mtu hakumbushwi. Hata yule bwana aliyekuja kijijini kufunga mifereji yetu ya maji alilishwa kwanza, akaifunga akiwa ameshiba.

"Ikifika Nauruzi hujaitwa hata na nyumba moja," Mzee akaendelea, "panda treni urudi. Mahali pasipo na mtu wa kukupa erulik hapana wenyewe, na mimi sijazaa binti wa kukaa porini."

"Na wakiniita, Baba?"

"Wakikuita, wewe ni wao. Mimi sitakuwa na neno."

Ulbosyn akakubali papo hapo, maana Nauruzi, mwaka wetu mpya, ni Machi, na wakati ule ilikuwa Oktoba. Alidhani ataitwa kabla hajafungua godoro.

Alipangishwa chumba ghorofa ya nne ya jumba la zamani, upande wa ngazi ya pili, maana kule kila ngazi ina mlango wake wa kuingilia na majirani wake. Kazini akapewa trekta la manjano lenye bamba mbele la kusukumia theluji. Msimamizi wake, mtu mwenye masharubu na mashaka, alimuuliza kama amewahi kuona theluji.

"Nimeona pamba."

"Theluji si pamba, dada."

"Naona. Hii haina mbegu."

Akapanda. Kufikia mwaka mpya wa kizungu msimamizi alikuwa amempa barabara zote ngumu, zile za kando ya mto ambako upepo unarudisha theluji nyuma yako kabla hujageuza trekta. Sisi tuliokuja naye tulikuwa tunalala na soksi tatu na kulaani siku tuliyozaliwa. Yeye alikuwa akipita nje saa ya alfajiri kwenye baridi inayokausha kope za macho, akiimba, akisafisha njia ya watu ambao bado hawajaamka kulalamika. Akimkuta ajuza anavuka, anazima injini asimtishe. Akimkuta mlevi amekaa njiani, anashuka, anamwinua, anamkalisha kwenye kituo cha basi, anamfunga kofia chini ya kidevu, kisha anaendelea kusukuma. Mimi nimekaa darasani na watu wenye shahada mbili wasioweza kumfunga mtu kofia.

Kilichomshika zaidi ya kazi, aliniambia siku moja tukinywa chai, kilikuwa kitu kidogo sana. Kule Petropavl wengi ni Warusi, na Wajerumani na Wapolandi na Watatari waliobaki, na hakuna aliyekuwa akiisikia maana ya jina lake. Walimfupisha wakamwita Ulya.

"Wananiita, nageuka," alisema. "Basi. Hakuna anayemwomba Mungu kitu."

Alitaka kubaki. Alitaka kuliko alivyopata kutaka chochote, na ili abaki ilihitajika sahani moja tu ya chakula kutoka kwa jirani yeyote.

Jirani hakuita.

Oktoba ikapita. Novemba ikapita. Kizibao chake cha mahameli chekundu, chenye nyuzi za dhahabu, kilining'inia nyuma ya mlango tayari kwa mwaliko. Mwisho wa juma alikuwa hali mchana, asije akaitwa tumbo limejaa ikawa ni dharau. Mara nyingi alilala na njaa kwa adabu.

Jumapili Mzee alipiga simu.

"Wamekuita?"

"Bado, Baba."

"Labda wanachinja."

"Labda."

Jumapili nyingi baadaye: "Kondoo gani huyo, mwanangu, anayechinjwa miezi mitatu?"

Sisi wenzake tulimshauri kama vijana wenye busara wanavyoshauriana, yaani adanganye. "Mwambie wamekuita! Mwambie ulipewa kichwa cha kondoo, ukapewa na ulimi. Yuko mbali, ataonja nini?"

"Nimdanganye baba yangu kwa sababu ya mchuzi?" akasema, akatutazama hadi tukaona aibu ya muda mfupi.

Mkuu wa ngazi ile, bila kuchaguliwa na mtu, alikuwa Bibi Klavdia wa ghorofa ya tatu, mjane, mfupi, mwenye shali ya sufu na sauti ya kengele ya shule. Kila alipokutana na Ulbosyn kwenye ngazi alisimama, akaweka mkoba chini, akamuuliza swali lilelile:

"Lini basi, Ulya?"

Ulbosyn alielewa hivi: bibi huyu anauliza lini nitaondoka. Akainamisha kichwa kwa heshima, maana mkubwa akikuuliza unajibu.

"Machi, Bibi Klavdia."

"Machi!" Bibi akaokota mkoba. "Machi, anasema! Watu wa ajabu hawa." Akapanda ngazi akihema na kunung'unika. Nyuma ya mlango wa ghorofa ya pili, Mwalimu Albert, mstaafu wa jiografia, Mjerumani wa kwetu aliyezaliwa hukohuko, alisikika akiuliza, "Kasema lini?" na Bibi akimjibu kwa sauti ya kufikia paa, "Machi!"

Basi ikaingia Machi. Begi la Ulbosyn likafungwa. Na katika wiki ya mwisho kabla ya Nauruzi ikaja tufani ya theluji iliyoziba madirisha ya chini na kufunga shule.

Ulbosyn alisafisha barabara za mji, akaomba ruhusa kwa msimamizi, akaleta trekta kwenye ua wa jumba lake. Hakuna aliyemwagiza. Alitaka tu kuwaachia kitu kizuri watu ambao hawakumtaka. Alisukuma theluji ya ua mzima, kwa uangalifu, kona zote, na kwa kuwa haina pa kwenda, akatafuta sehemu isiyotumiwa na mtu. Akaikumbuka. Pale kando ya ukuta palikuwa na safu ya vifuniko vidogo vya chuma na vibomba vimechomoza ardhini. Mahali ambapo mtu wa kusini angesema bila kusita: maji machafu. Akairundika theluji yote juu yake, akaishindilia kwa bamba kama tunavyoshindilia marobota ya pamba, akailaza pembeni, akaipa mteremko. Ukawa mlima wa kufikia madirisha ya ghorofa ya pili. Watoto wakateleza juu yake siku nzima, na Mwalimu Albert akaupiga picha. Usiku baridi ikaushika ukawa mwamba.

Jumapili mchana Bibi Klavdia alishuka na ndoo kwenda kuchukua viazi.

Ambaye hajaishi kaskazini hawezi kujua. Vile vifuniko vilikuwa vya mashimo ya akiba. Kila familia ya jumba lile ina shimo lake chini ya ua, lenye ngazi na rafu, na humo ndimo vilimo viazi, karoti, kabichi chachu, matango ya siki, jemu na uyoga wa chumvi, yaani majira yote ya joto ya mtu yamewekwa kwenye mitungi. Ulbosyn alikuwa ameizika ngazi ya pili nzima, kuanzia kiazi hadi jemu.

Ghorofani, yeye alisikia miguu. Miguu mingi ikipanda. Milango ikifunguka, watu wakiitana, "Njoo nawe! Tunaenda kwa Ulya! Wote twende!" Kisha ngumi mlangoni.

Mimi nilikuwepo, nimekuja kunywa naye chai ya kuagana. Niliona uso wake ukifunguka kama dirisha.

"Wamekuja," alinong'ona. "Wote! Nyumba zote pamoja! Shika chai hii. Nywele zangu vipi?"

Akavaa kizibao cha mahameli. Akafunga vishikizo vyote huku mlango ukitikisika. Akafungua, akaweka mkono kifuani, akainama.

"Karibuni sana, wazee wangu. Niko tayari."

Mbele yake walisimama Bibi Klavdia na Mwalimu Albert na nyuma yao ngazi nzima, kila mmoja ameshika sepetu.

Husemwa mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawa walichelewa kidogo, lakini walikuja na vifaa.

"Uko tayari?" Bibi Klavdia akamtazama toka juu hadi chini, nyuzi za dhahabu zikimetameta. "Umevaa hivyo kuja kuchimba?"

"Kuchimba nini, Bibi?"

"Viazi vyangu, mwanaharamu we! Umenizikia viazi! Umemzikia Albert karoti! Pale unadhani ni nini, makaburi?"

"Nilidhani ni choo," akasema Ulbosyn.

Mtu nyuma akajaribu kukohoa, ikatoka kicheko.

Ulbosyn hakulia. Hakujitetea, ingawa alikuwa na haki ya kusema kwamba hakuna aliyemwambia kitu tangu Oktoba. Akavaa ovaroli juu ya mahameli.

"Nilete trekta, liondoe dakika chache," alisema.

"Ulete trekta liingie lenyewe kwa matango?" akasema Mwalimu Albert. "Mapaa ya mashimo hayabebi uzito huo, binti. Ni mkono."

Ikawa mkono. Nimewahi kuona watu wakifanya kazi, hasa nikiwa nimekaa, lakini sijaona mtu anayechimba kama yule binti alivyochimba siku ile. Waliochoka walibadilishana, yeye hakubadilishana na mtu. Alikata ile barafu kwa nyundo na patasi, vipande vipande, akivibeba kifuani. Watu waliokuwa wakimfokea wakaanza kumfokea kidogo, kisha wakaanza kumtania, na kwa wenye lugha ile hiyo ni hatua kubwa.

"Ulya, chimba upande huo kuna jemu ya Albert! Huo mwingine uache, hana cha maana!"

"Nina cha maana! Nina kabichi!"

"Kabichi yako hata theluji imeikimbia!"

"Bibi Klavdia, chombo hiki ni chako?" Ulbosyn akauliza kutoka ndani ya mtaro, kichwa tu kikionekana.

"Hicho ni kibomba cha hewa, usikivunje! Mungu wangu, na ndio huyu wanampa barabara za mji."

Jua lilipoanza kushuka, kifuniko cha mwisho kikafunguka. Bibi Klavdia akatumbukia shimoni, akakaa huko kidogo, akatoka na mtungi kifuani kama mtoto aliyeokolewa. Hakuna kiazi kilichoganda. Akamtazama Ulbosyn, aliyekuwa bado akizoa barafu iliyobaki.

"Panda juu," akasema. "Mtu hachimbi viazi vya watu halafu akalala njaa. Wote pandeni."

Jikoni kwa Bibi Klavdia tulibanana kama mitungi kwenye rafu. Ilikuwa Kwaresima yao, kwa hiyo mezani palikuwa na viazi vya kuchemsha, uyoga, matango, kabichi, mkate mweusi na chai. Ulbosyn aliketi mwisho wa meza, akasubiri wakubwa waanze, kisha akaweka uma chini.

"Bibi Klavdia, naomba kuuliza. Hii ni erulik?"

"Hii ni viazi."

Akaeleza, kwa Kirusi chake cha shuleni, polepole: mtu akihamia, majirani humwita, humlisha. Akaeleza habari za baba yake, na Nauruzi, na begi lililofungwa. Hakulaumu. Alisema tu, "Nilikuwa nawangoja. Sasa nauliza, kama hii ndiyo, nimwambie Baba. Kama siyo, nitapanda treni kesho kutwa, na asanteni kwa matango."

Bibi Klavdia aliacha kutafuna.

"Wewe ulikuwa unatungoja sisi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Albert! Umesikia? Alikuwa anatungoja sisi!" Akapiga meza, vijiko vikaruka. "Mtoto wewe! Kwetu sisi anayehamia ndiye anayeita! Unahamia, unaweka meza, unaita majirani, wanakuja na zawadi, wanakunywa, wanakujua! Mimi nimekununulia sufuria tangu Oktoba! Sufuria, na mfuniko! Imekaa kabatini! Kila siku nakuuliza lini, lini basi, na wewe unaniambia Machi!"

"Nilidhani unauliza lini naondoka."

"Na mimi nilidhani wewe ni bahili!"

Mwalimu Albert akaondoka kimya, akarudi na saa ya ukutani iliyofungwa karatasi ya zawadi yenye watu wa theluji. Mwingine akaenda kuleta pazia. Ikajulikana kwamba ngazi nzima ilikuwa imemnunulia vitu tangu vuli na ngazi nzima ilikuwa imenuna. Miezi mitano, mtu mmoja juu amevaa njaa yake kwa adabu, na watu chini wamekalia sufuria yake kwa adabu hiyohiyo.

Simu ikalia. Ilikuwa Jumapili.

"Wamekuita?" akauliza Mzee Tolepbergen.

Kabla Ulbosyn hajafungua mdomo Bibi Klavdia alikuwa amekwisha kumnyang'anya simu. Mzee alijifunza Kirusi jeshini, kwa hiyo alijua vizuri kuamrisha na kutukana, na katikati ya hapo alibahatisha.

"Mzee! Binti yako yuko mezani kwangu! Anakula!"

"Nani wewe?"

"Klavdia wa ghorofa ya tatu!"

"Anakula nini, Klavdia wa ghorofa ya tatu?"

"Viazi! Uyoga! Matango ya mkono wangu!"

"Na nyama?"

Ulbosyn alikuwa ameshika ukingo wa meza, vidole vyeupe.

"Ni Kwaresima," Bibi akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna jirani aliyepata kuisikia.

"Bila nyama hiyo si erulik, mama. Huo ni msiba. Binti yangu atarudi."

Hapo ndipo Bibi Klavdia alipovuta pumzi hadi shali ikapanda.

"Sikiliza, mzee wa pamba! Nina bata bukini kwenye barafu, kaletwa na dada yangu kutoka kijijini, mnene kuliko wewe! Mimi nafunga, bata hafungi! Siku ya Nauruzi yenu namwoka mzima, namwita binti yako mbele ya ngazi nzima, na wewe utakaa kwenye simu umsikie akitafuna! Inatosha?"

Tukasikia huko mbali mbwa akibweka, na mke wa Mzee akimnong'oneza jambo.

"Mapaja apewe yeye," akasema.

"Moja lake, moja la Albert!"

"Yote mawili yeye."

"Haya! Yote mawili!"

"Basi ni wenu," Mzee akasema, na sauti yake haikuwa ya jeshini tena. Simu ikakatika, au aliikata.

Likabaki swali la nani aanze. Bibi Klavdia akashikilia kwamba mhamiaji ndiye anayefungua meza, na Ulbosyn, kwa heshima yote, akashikilia kwamba mwenyeji ndiye anayetangulia. Wakashindana kupeana nafasi hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana siku moja, meza mbili: bata ghorofa ya tatu, kondoo ghorofa ya nne, milango yote wazi, na kila mtu aanzie mguu wake utakapomfikisha.

Siku ya Nauruzi nilipanda na kushuka ngazi ile hadi magoti yakaomba talaka. Juu, vijana wote wa kusini tulikuwa tukikaanga baursak, maandazi yetu madogo, na majirani wakiyala yakiwa moto na kuungua na kurudi. Chini, Ulbosyn alikula mapaja mawili ya bata huku simu imesimamishwa kwenye chupa ya chumvi. Kisha wote wakapanda, na Ulbosyn akamwandalia Bibi Klavdia kichwa cha kondoo, heshima ya mkubwa wa mkutano. Bibi akakipokea kwa mikono miwili, akamtazama kondoo, kondoo naye akamtazama.

"Mimi nafunga," akasema.

"Si lazima ule, Bibi. Ni lazima upewe."

Bibi alikaa nacho magotini jioni nzima na hakumruhusu mtu kumpokea.

Hatimaye Mwalimu Albert akasimama. Alikuwa amevaa tai. Akasema kwamba amefundisha ramani ya nchi hii miaka mingi, kusini ya rangi ya manjano, kaskazini ya kijani, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu mmoja anaweza kuikunja ramani ile ncha zikagusana. Akasema mito na nyika, reli na vizazi, pamba na theluji. Akasema binti huyu alikuja peke yake mahali asipomjua mtu, akatuamkia alfajiri kabla yetu, akatuchimbia, akatungoja bila kutusema vibaya, na kwamba mji usiojua kumweka mtu kama huyu haustahili kuandikwa kwenye ramani. Mimi mwenyewe, ninayecheka misibani, nilikuwa natafuta leso. Bibi Klavdia alikuwa akimlilia kondoo kichwani. Glasi zikainuliwa, watu wote wakageuka kumtazama Ulbosyn, aseme neno.

Ulbosyn akasimama, akachungulia dirishani kwa muda, akageuka.

"Ile Zhiguli ya kijani iliyoegeshwa uani ni ya nani?" akauliza. "Aiondoe. Theluji imeanza, na kesho napita mapema na trekta."